Hewa Hairudishwi Stoo

Barua ilikuwa ya Kiswahili, tena kilichonyooka, na hilo ndilo lililomuudhi fundi cherehani. Kila neno alilijua kwa jina na kwa ukoo. Yalipokaa pamoja kwenye mstari mmoja, yakamgeuka.

"Kwa kuwa matumizi ya kifaa hayakidhi kiwango kilichoelekezwa na daktari, mchango wa bima utasitishwa, na kifaa kitachukuliwa siku ya Ijumaa."

Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akaikandamiza chini ya mkasi wake mkubwa kana kwamba ingetoroka. Kifaa chenyewe kilikuwa mashine ya oksijeni ya baba yake, kitu cha ukubwa wa kikabati cha kando ya kitanda, chenye magurudumu manne na mrija mrefu wa kuingia puani. Bila hiyo, mzee hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni pasipo kushika ukuta mara mbili. Sasa hayo matumizi yasiyokidhi ni yapi? Asubuhi akienda kwenye kibanda chake cha ushonaji aliiacha ikivuma. Jioni akirudi aliikuta ikivuma.

Akampigia mdogo wake, dereva wa lori. Kadi ya bima ilikuwa ya huyo. Baba yao aliandikwa humo kama tegemezi.

"Dada, usiniulize mimi," alisema dereva. "Mimi kazi yangu ni kukatwa. Kila mwezi wananikata, nanyamaza."

"Hukupewa kitabu cha maelezo?"

"Nilipewa. Kizuri kweli. Kina picha za watu wanacheka."

"Kinasemaje?"

"Si nimekuambia, wanacheka."

Jumatano fundi alifunga kibanda, akaenda ofisi ya bima na barua yake ndani ya mfuko wa plastiki. Dirisha la kwanza likamwambia aende la pili. Dirisha la pili likamuuliza kama mashine imenunuliwa au imekodiwa. Akajibu kwamba ililetwa. Likampeleka la tatu, alikokaa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba.

"Keti, dada, tuanze upya," alisema mwenye miwani. "Bima haijawanunulia mashine. Imewakodishia kwa muuza vifaa. Ukiigawa kodi ya mwezi mafungu kumi, sisi tunalipa nane, nyinyi mnalipa mawili. Ikitimia miezi kumi na tatu, mashine inakuwa yenu."

"Yetu kabisa?"

"Kabisa. Isipokuwa mirija."

"Mirija inakuwa ya nani?"

"Mirija na machujio ni vitu vya kwisha. Vina kifungu chake."

Fundi aliitikia kwa kichwa, jinsi wateja wake walivyoitikia alipowaeleza mshono wa ndani. Hakuwa ameambulia kitu.

"Hayo mafungu mawili," akauliza, akishika lile alilolielewa, "tukiitumia sana yanaongezeka?"

"Hayaongezeki. Muiwashe kutwa au muigeuze meza ya chai, kodi ni ile ile. Tatizo lenu liko kwingine." Mwenye miwani akavaa miwani. "Mashine ina kihesabu saa kwa nyuma, karibu na waya. Mkaguzi wa muuza vifaa akija anakisoma. Daktari ameandika saa kumi na tano kwa siku. Mzee wako anatumia nne. Mtu wa saa kumi na tano anayeishi na nne, kwetu sisi maana yake haihitaji."

"Haiwezekani. Nikitoka inavuma, nikirudi inavuma."

"Na katikati?"

Fundi akaikunja barua, akasimama.

Hakupitia kibandani. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, na jua lilikuwa utosini alipofika. Nyumba ilikuwa kimya. Mashine ilikuwa kwenye pembe yake, imefunikwa kile kitambaa cha meza chenye lesi alichokishona mwenyewe, na juu ya kitambaa palikuwa na usinga wa kufukuzia nzi. Baba yake alikuwa ameketi dirishani, viganja juu ya magoti, mdomo wazi, midomo imepauka kama jivu. Aliposikia mlango alinyoosha mguu kutafuta swichi. Alichelewa.

Mzee huyu alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, katika bohari ya mabomba. Walimwita Mzee Saini, kwa sababu hata meneja hakupewa parafujo pasipo kutia sahihi. Kilichotoka kwake kilirudi kama kilivyotoka, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake maishani, ukiacha watoto wawili, na hao aliwataja baadaye.

"Leo umewahi," alisema, kwa vipande.

"Baba, imezimwa tangu lini?"

"Tangu ulipotoka."

"Na usiku?"

"Ukianza kukoroma, nazima."

"Mimi sikoromi."

"Basi kuna mtu anakuja kukukoromea." Akapumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Mama, hii mashine niliisainia. Nguo ya kuazima haistiri maungo, iko siku mwenyewe ataidai, na ataikuta haina hata mkwaruzo. Halafu ina mita huko nyuma. Nimeiona kwa macho yangu. Mita ni mita. Ikihesabu, kuna mtu analipa. Wewe unainamia cherehani mpaka mgongo umekuwa ndoana, mimi nikae hapa nakula saa?"

Fundi alijikuta amekaa sakafuni. Miezi mitatu, tangu mashine iletwe, mtu huyu alikuwa amepumua kwa kipimo, kwa ajili yake, naye hakujua. Alitaka kulia, alitaka kugomba. Akaona aeleze kwanza. Akayarudia ya dirisha la tatu, mafungu manane na mawili, miezi kumi na tatu, kihesabu.

Mzee alisikiliza kwa makini ya mtu anayepokea mzigo.

"Ngoja nihesabu. Tukiitumia sana, tunalipa vilevile."

"Vilevile."

"Tukiitumia kidogo, wanatunyang'anya."

"Ijumaa."

"Na tukiichakaza mwaka mzima na mwezi juu, wanatupa iwe yetu."

"Isipokuwa mirija."

"Mwanangu, hiyo stoo inaendeshwa na nani?"

"Hata mimi sijui, baba."

"Umesikia vibaya. Rudi ukaulize."

Fundi akaondoa kitambaa, akawasha. Mzee akanyoosha mguu, akazima. Akawasha tena, akazima tena, na safari hiyo jitihada ile ikampandisha kikohozi. Wakatazamana. Kubembeleza kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Fundi alimjua baba yake. Ndipo alipoiona kadi, kama zile za stoo. Ilikuwa imetundikwa msumarini nyuma ya pazia, imepigwa mistari kwa rula: tarehe, kuwashwa, kuzimwa, na safu ya mwisho iliyoandikwa "kidole". Humo mzee alijaza tarakimu za kipimo kidogo cha kubana kidoleni na kusoma oksijeni ya damu, kilicholetwa pamoja na mashine. Kabla ya kuwasha, themanini na nne. Baada ya kuwasha, tisini na tatu. Ukurasa mzima hivyo, kwa mwandiko usioyumba.

Akaichomoa kadi msumarini.

"Baba," akasema taratibu, "stoo yako ilikuwa na vitu vya aina ngapi?"

"Aina mbili. Vya kurudishwa na vya kutumika. Nyundo inarudi. Misumari hairudi."

"Mtu uliyempa misumari akikurudishia yote?"

"Huyo kazi hakufanya. Misumari sitampa tena."

Alipomaliza kusema hivyo, mzee akaitazama mashine kwa jicho la pembeni.

Fundi akachana karatasi kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Akaandika: Mashine moja, ya kurudishwa. Hewa, ya kutumika, saa kumi na tano kila siku. Akamkabidhi.

Mzee alisoma, akaivuta karibu na mwanga. "Haina tarehe. Na mtoaji ni nani?"

"Mimi."

"Kwa cheo gani?"

"Cha mwanao."

"Andika basi. Hati isiyo na mtoaji ni karatasi ya kufungia karanga."

Akaandika. Mzee akatia saini, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati. Kisha akauvaa mrija mwenyewe, akanyoosha mguu, akawasha.

Alhamisi, mwenye miwani aliipitishia kadi kidole, mstari kwa mstari, hata foleni nyuma ya fundi ikaanza kusonya.

"Hii kaandika nani?"

"Yeye. Alidhani kihesabu ni kama cha teksi."

"Huyu si mtu asiyehitaji," mwenye miwani alisema. "Huyu anajinyima." Akatoa fomu ya rufaa, akaonyesha pa kusaini daktari ndani ya siku saba. Uamuzi ungechukua hadi siku thelathini, na mashine isingeguswa mpaka hapo. "Sikuahidi kitu, dada. Lakini saa zipande. Zisipopanda, kadi hii itawahukumu nyinyi." Akagonga mhuri kwenye nakala.

"Na ile mirija?"

"Dirisha la pili."

Dirisha la pili lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana.

Ijumaa asubuhi mkaguzi wa muuza vifaa alibisha hodi, na toroli nyuma yake. Mzee alimpokea ameketi, mrija puani, mashavu yana rangi.

"Nimekuja kuchukua mashine, mzee."

"Hati ya kutolea?"

"Nimeagizwa kwa simu."

"Kwa simu hata kopo tupu halitoki."

Fundi akamwonyesha nakala yenye mhuri. Mkaguzi akaisoma, akakuna kichwa, akasema huko kwao hakuna aliyemwambia, akasema afadhali. Akachuchumaa nyuma ya mashine, akasoma kihesabu, akaandika.

"Mmeongeza saa tangu nilipokuja mara ya mwisho."

"Nimepewa kwa maandishi," mzee akajibu, na kugusa mfuko wa shati.

Toroli likaondoka tupu. Fundi akachukua mkoba wake, na hapo mlangoni baba yake akamuuliza mirija ikichakaa wataitoa wapi, na mafungu yake ni mangapi. Akamjibu kwamba bado hajui, kwamba huenda hata wao hawajui, na kwamba Jumatatu atakwenda kuulizia.

Saa sita mchana aliacha gauni la watu chini ya sindano, akarudi nyumbani, akaingia bila hodi. Kitambaa cha lesi kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Mzee alikuwa amelala, na mashine ilikuwa inavuma.