Kwanza Ufunguo
Sheria ya stage ya bodaboda ya Mugutha, kituo chetu cha Ruiru, ni fupi kuliko sala ya chakula: mwenzako akigongwa, kwanza ufunguo, maswali baadaye. Unachomoa ufunguo wa gari kabla dereva hajatoroka. Siwalaumu kwa kuitunga. Mwaka juzi lori lilimlaza kijana wao barabarani likaenda zake, na mpaka leo halijulikani lilikuwa la nani. Lakini mimi Mbinya, mke wa Nzioki, sheria hiyo imeniacha mjane, na sitalisema hilo kwa kunong'ona.

Safari niliidai mwenyewe. Nzioki alibeba watu kwa boda yake kutwa nzima, mimi mkewe nikienda kanisani kwa miguu. Krismasi ilipopita akaniambia nivae sweta mbili, tunakwenda kuona milima. Tukatoka Ruiru na pikipiki tatu: sisi wawili kwa moja, Kahiga mwenyekiti wa stage, na Ngigi, ambaye aliwahi kuendesha matatu kabla ya kushika boda. Tukapita Thika, tukapanda Gatanga, tukafika juu ya bwawa la Ndakaini ambako mashamba ya chai yanakutana na msitu.

Tulicheka sana siku ile. Kila tuliposimama, Nzioki aligeuka na kuniuliza kama anavyowauliza abiria wake, "Mathe, unashukia wapi?" Nami nikamjibu, "Mbele kidogo." Kahiga akasema sisi Wakamba tumezoea jua, tutarudi nyumbani tumeganda kama mafuta ya kupikia.

Mambo yaliharibika wakati wa kuteremka. Ukungu ulitufunika ghafla, na malori ya majani chai yalikuwa yameacha tope kwenye kona. Kahiga na Ngigi walikuwa wamebaki nyuma wakipiga picha. Tairi likateleza. Hapakuwa na gari wala mtu, ni sisi na lile tope tu. Mimi nilirushwa kwenye michai, mkono ukavunjika. Nzioki alijigonga tumbo kwenye jiwe la mtaro. Niliona kichwa chake kizima, nikamshukuru Mungu mapema mno.

Pikapu ikatokea, imepakia mitungi ya maziwa. Mzee aliyeiendesha alisimama, akashuka mbio.

"Ngai! Pole sana, mami. Mimi naitwa Karanja. Wacha nishushe hii mitungi tumlaze hapa nyuma. Hospitali si mbali."

Alikuwa ameshusha mitungi miwili Kahiga na Ngigi walipotokea kwenye kona. Waliona pikipiki chini, mwenzao chini, na gari mbele yake. Kahiga alipiga honi ile ndefu ambayo kila mwendesha boda anaijua, na wenzao wa stage ya pale chini wakaja juu wakiitikia kwa honi zao.

"Si yeye!" nilipiga kelele. "Ametupata hapa! Si yeye!"

Nani amsikilize mwanamke anayelia? Walidhani namlilia mume. Kahiga alimtupia mtu helmeti yake, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo. Jiwe likapasua kioo. Mwingine akampiga mzee kichwani, damu ikamtoka, na mzee akakimbilia kwenye chai akapotea ukunguni. Wakashangilia! Mume wangu amelala mtaroni, nao wanashangilia.

Kahiga alivua jaketi akamfunika Nzioki, maana alikuwa anatetemeka. Hapo ndipo Ngigi alipopiga magoti kando yangu na kunisikiliza. Aliinuka akamgeukia Kahiga.

"Chairman, huyo mzee hakugonga mtu. Alikuwa anawasaidia. Leta kifunguo niendeshe."

Kahiga akapapasa mifuko ya suruali. Akapapasa tena.

"Nimepea mtu," alisema. "Aki kuna msee nimepea anishikie."

"Msee gani?"

Hakujua. Wale wa stage ya pale wakaanza kukana mmoja mmoja, wengine wakapanda pikipiki zao wakaondoka. Waliobaki walitafuta kwenye tope na chini ya viti. Gari dogo lilikuja, dereva akaona kioo kilichopasuka na wanaume wenye mawe, akarudi kinyumenyume. Hata mimi ningerudi. Walijaribu kumkalisha Nzioki kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, wakamrudisha chini.

Nikamlaza kwenye mapaja yangu. "Nzioki, unashukia wapi?" nilimwuliza. Alitabasamu upande mmoja. Gari la polisi lilipofika, lilibeba maiti.

Tulimzika kwao, mbele ya Kilimambogo. Wenzake walikuja kwa wingi, matawi yamefungwa kwenye pikipiki, honi zikilia hadi mbuzi wakakata kamba. Kahiga alipewa maikrofoni kando ya kaburi.

"Kuna dereva alituulia ndugu," alisema. "Lakini tulimfunza adabu."

Wakapiga makofi. Ngigi peke yake aliangalia chini.

Mimi nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nguo za Nzioki nilikabidhiwa mochari ndani ya mfuko, na siku moja kabla ya mazishi, nilipozitoa zifuliwe, nilikuta jaketi ambalo halikuwa lake. Nililia mpaka sauti ikakauka, nikalikunja, nikajiambia mtu aliyekufa hafufuki. Lakini makofi yale yalinishinda. Niliingia nyumbani nikalileta.

"Chairman, umesahau jaketi yako. Vaa."

Alilivaa huku akinishukuru, masikini.

"Sasa weka mkono kwa mfuko."

Aliingiza mkono polepole. Alipoutoa, ufunguo ulining'inia kwenye kamba ya ngozi, na tope lingali limeukaukia. Ngigi aliketi pale pale kwenye udongo wa kaburi, akashika kichwa.

"Ulimfunika nao," nikamwambia Kahiga. "Tulitafuta kila mahali, nao ulikuwa juu ya kifua chake. Si mlisema maswali ni baadaye? Baadaye ndiyo hii. Haya, waambie watu."

Hakuna aliyepiga honi. Kahiga alibaki na maikrofoni mdomoni, na watu wote wakamsikia anavyohema.