Maji ya Nyama

Kila asubuhi saa moja nafungua kabati la joto la maabara, natoa sahani za jana za kuoteshea bakteria na kuzipanga mezani kwa zamu. Kisha natoka mlangoni, nakunywa yerba mate kidogo, chai yetu ya majani inayonywewa kibuyuni kwa mrija, kabla ya kuvaa glavu. Ijumaa ile nilikuwa bado nimeshika kibuyu, mrija mdomoni, muuguzi Teresita alipoleta kikopo cha choo chenye damu.

"Cha mtoto," alisema, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

Nilisoma kikaratasi. Ailín Gauna, miezi kumi na minne. Mtoto wa dada yangu Maricel.

Nilijua kabla sijaweka chochote kwenye sahani. Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mama, nyama ya familia ikichomwa uani. Mama alikuwa jikoni peke yake na kipande cha paja. Alikionyesha moto tu, upande huu na upande huu, akakikatakata, akakitia kwenye kikamulio cha viazi na kukandamiza kwa nguvu zake zote. Maji mekundu yalidondoka kwenye kikombe cha mtoto. Daktari alikuwa amesema Ailín amepungukiwa damu kidogo, na kwetu mtoto aliyepungukiwa damu hupewa maji ya nyama. Bibi alimpa mama, mama akatupa sisi.

Nilisimama mlangoni na bakuli la saladi.

"Mama, hiyo nyama imeiva?"

"Haya, Bibi Kinyesi amekuja kunikagua." Ndivyo anavyoniita tangu niajiriwe maabara. "Wewe na dada yako mliota meno kwa maji haya. Mbona hamkufa?"

Shangazi zangu wakacheka kutoka uani. Nikacheka na mimi, nikapeleka saladi mezani.

Jumamosi nilifungua kabati la joto. Bakteria wa kawaida wa tumboni hula ile sukari tunayowatilia na kugeuka waridi. Hawa hawakuila. Walikuwa wameota weupe sahani nzima, wazuri, wenye afya. Niliandika jibu kwa mwandiko wangu wa siku zote, nikatia sahihi. Mchana huohuo gari la wagonjwa lilimpeleka Ailín jijini, kwenye hospitali ya watoto, kilomita mia tatu. Niliomba ruhusa nikafuata kwa basi.

Jumapili daktari kijana alikuja na karatasi ya maswali. Kwa siku kumi zilizopita, mtoto amekula nini?

Mama ndiye anayekaa na Ailín wakati Maricel yuko kazini, kwa hiyo mama ndiye aliyejibu. Boga la kuponda. Tambi. Mtindi. Ndizi. Biskuti mbili, usiku aliposumbua.

"Nyama ya kusaga? Soseji?"

"Mtoto mdogo hivyo? Hapana, daktari. Mimi nimelea."

Hakudanganya. Kwake yale maji si chakula, ni dawa. Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi kwamba bega langu liligusa lake. Daktari alinitazama, labda kwa kuwa nilivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Nikainamisha kichwa. Akaenda.

Maricel alijilaumu kwa letasi. Halafu kwa bwawa la kuogelea la jirani. Halafu kwa kitasa cha mlango wa basi. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

"Wewe si umesomea haya?" aliniambia siku ya tatu, tukiwa kwenye korido. "Hawa madaktari wanaongea kama wanakimbilia treni. Niambie taratibu. Kinamfanya nini?"

Nikamwambia taratibu. Kwamba ukuta wa ndani wa utumbo una vinywele vingi mno, kama zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwamba bakteria hawa hujibandika hapo, wakavifuta vinywele, wakailazimisha seli yenyewe iwainulie kigoda cha kukalia. Kisha wanatoa sumu, na sumu inapita ukutani mpaka kwenye damu.

"Na kinga ya mwili? Si ndiyo kazi yake?"

"Inakuja. Chembe nyeupe za damu zinakuja nyingi sana. Lakini zinavyokuja kwa fujo ndivyo ukuta unavyozidi kuchubuka. Na wengine wanadhani ni hizohizo zinazoibeba sumu kwenye damu mpaka kwenye figo."

Alivitazama vidole vyake vilivyopasuka.

"Kwa hiyo askari wake mwenyewe ndio wanaoibeba sumu."

"Wengine wanadhani hivyo."

"Na dawa? Viuavijasumu?"

"Vinaweza kuwafanya wamwage sumu zaidi wakifa. Wanampa maji, figo zikishindwa watamsafisha damu, na wanangoja."

"Wanangoja," alisema Maricel. "Hata mimi naweza kungoja. Sikuhitaji kuja huku kote."

Siku ya tano Ailín aliacha kukojoa. Nepi ilitoka kavu asubuhi, mchana na jioni. Wakamwunganisha na mashine ya kusafisha damu. Siku ya saba alipata degedege, mara mbili, na baada ya hapo macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumfuata mtu. Maricel alimwimbia, akampungia sungura wa kitambaa, akamwita kwa majina yote ya kumdekeza. Daktari mkubwa, mwanamke mwenye mvi, alituita chumbani na kufunga mlango. Alisema figo hazionyeshi dalili ya kurudi. Alisema kuhusu ubongo hawezi kuahidi chochote. Alilisema hilo mara mbili, ili Maricel asipate pa kujificha.

Tuliporudi koridoni tulikaa watatu kwenye viti vya plastiki. Mama alikuwa na rozari mkononi lakini hakuwa akisali. Alikuwa anatazama kioo cha chumba, anautazama ule mkono mdogo uliofungwa kwenye kibao ili sindano isitoke.

"Amekuwa mweupe kama karatasi," alisema. "Ni damu hana. Huku wanaitoa tu na kuirudisha, kuitoa na kuirudisha. Ngoja atoke. Nitamkamulia kikombe kila siku, asubuhi na jioni. Nitamwomba Rosendo buchani anitengee paja zuri. Atainuka huyu, mtaona."

Maricel alimgeukia. "Umkamulie nini, mama?"

"Maji ya nyama, mwanangu. Kama ya ile Jumapili. Aliyapenda, alilamba mpaka kikombe."

Nilimwona dada yangu akianza kuelewa. Kuelewa kulianzia mdomoni. Mama bado alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa mtu aliyetoa wazo zuri na kungoja apongezwe, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa, Maricel ndiye atakayemwambia, na namna atakayomwambia hawataweza tena kuketi meza moja.

Niliushika mkono wa mama, pamoja na rozari.

"Mama, ni yale maji," nikasema. "Siku ile nilipokuuliza kama nyama imeiva, sikuwa nauliza. Nilikuwa nakuambia usimpe. Nilijua, na niliogopa mtanicheka."