Kura ya Ghorofa ya Tatu

Kipanga alikuwa dereva wa mbio za magari ambaye hata mahasimu wake walikubali kwamba akishika usukani wengine wanagombea nafasi ya pili. Hiyo ilikuwa kabla gari lake halijabiringika bondeni. Siku ile alibaki amening'inia kwenye mkanda, akili timamu, miguu haina habari, akisubiri gari la wagonjwa. Gari lenyewe lilikuwa limetumwa kuwachukua wageni wa heshima wa Mwenyekiti wa Shirikisho. Lilipomfikia hatimaye, ndani bado mlinukia manukato ya wageni.

Madaktari walisema angewahishwa, huenda angetembea. Hiyo "huenda" ndiyo iliyomnyima raha kuliko kiti cha magurudumu.

Hakudai fidia. Alitaka kanuni moja tu: mbio zisianze kama hakuna daktari na gari la wagonjwa papo hapo. Kila klabu ilikuwa na mjumbe mmoja na kura moja, na yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa klabu yake. Alikesha na simu wiki nzima, akibembeleza huyu, akikumbushana urafiki na yule. Mwishowe akajua hoja itapita, lakini kwa kura yake mwenyewe. Bila yake, pande mbili zinalingana.

Mwenyekiti naye alijua kuhesabu.

Siku mbili kabla ya mkutano, wajumbe waliarifiwa kwamba ukumbi wa chini unapakwa rangi. Wangekutana ghorofa ya tatu ya jengo la jirani, ambalo lifti yake ilishakuwa stoo ya mafagio.

"Nitakubeba mgongoni," alisema Fundi. "Kwani una uzito gani siku hizi?"

Fundi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Miaka yote yeye ndiye aliyelitengeneza gari la Kipanga. Gari lilipokufa, kazi nayo ikafa, na tangu hapo alikuwa mtu wa kushinda nyumbani akifungua redio mbovu na kuzifunga tena.

Asubuhi ya mkutano dada yake Kipanga aliwaendesha hadi mlangoni, akabaki kwenye gari na kile kiti cha magurudumu. Fundi akachuchumaa, Kipanga akamkumbatia shingo, wakaanza kupanda.

Ghorofa ya kwanza wakakutana na Katibu akishuka kwa haraka.

"Jamani, fanyeni hima! Hoja yenu imeletwa mbele, ndiyo ya kwanza."

"Ilikuwa ya mwisho!" Kipanga akasema. "Waambie wanisubiri, niko kwenye ngazi."

"Nitawaambia," akajibu Katibu, akaendelea kushuka.

Ghorofa ya pili Fundi akasimama. Akamkalisha Kipanga kwenye kidato, akajishika kiuno.

"Ngoja nivute pumzi, shemeji."

Simu yake ikaita. Akaenda kuipokelea kwenye korido, akiongea kwa sauti ya chini. Juu yao kipaza sauti kilikuwa kinanguruma, na Kipanga aliitambua sauti ya Mwenyekiti akisoma hoja, neno kwa neno, pole pole, kama anayeionea huruma.

"Shemeji! Twende!"

"Naja, naja."

"Wanapiga kura, bwana!"

Fundi akarudi, akamwinua. Vidato vilivyobaki alivipanda kama anayepanda kwenda kunyongwa. Walipofika, mlinzi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kioo.

"Kura imeanza. Haingii mtu, hatoki mtu. Ni katiba."

Kipanga akanyoosha mkono juu, pale pale mgongoni kwa shemeji yake. Ndani, Mwenyekiti aliuona. Macho yao yakagongana. Mwenyekiti akatabasamu, akaendelea kuhesabu mikono ya walio ndani, akaishia pale kioo kilipoanzia.

Kura zikalingana. Katiba ilimpa Mwenyekiti kura ya kuamua, naye akaipiga bila kukaa chini.

Kisha akaamuru mlango ufunguliwe.

"Karibu, shujaa wetu!" Alishuka jukwaani, akamvutia Kipanga kiti kwa mikono yake mwenyewe. "Ndugu wajumbe, naomba tusimame kumpongeza."

Wakasimama wote, wakapiga makofi. Waliompinga ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

"Nilikuwa mlangoni," Kipanga akasema makofi yalipotulia. "Uliniona."

"Mlangoni si ukumbini, ndugu yangu. Si wewe uliyekuwa ukilia kila siku tufuate katiba?" Watu wakacheka kidogo. "Hapa kuna demokrasia. Hakuna aliyelazimishwa. Tuendelee: uteuzi wa Mkaguzi Mkuu wa Magari."

Akalitaja jina la Fundi.

Kipanga akageuka. Shemeji yake alikuwa ameegemea ukuta, shati limelowa jasho, anaangalia viatu vyake.

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Mwenyekiti akasubiri.

"Umebaki wewe tu, Kipanga. Sasa umo ndani, kura yako ni halali. Unasemaje?"

Akamfikiria dada yake pale chini, mwanamke aliyewalisha wote wawili mwaka mzima kwa cherehani moja. Akanyoosha mkono.

"Kwa kauli moja!" akasema Mwenyekiti.

Hakukuwa na mgongo mwingine wa kumshusha. Wajumbe walikuwa wakiwapita kwenye ngazi kwenda kula, kila mmoja na "pole" yake. Kipanga akaikaza mikono shingoni kwa Fundi, zaidi ya ilivyohitajika.

"Walikupigia simu wakwambie nini?"

Fundi akatafuta kidato kwa mguu. "Kwamba nisifike mapema."

Dada yake Kipanga akawakimbilia na kiti. "Vipi?"

"Mumeo amepata kazi," Kipanga akasema. "Mkaguzi Mkuu."

Dada akaziba mdomo kwa viganja, akalia, akamrukia mumewe. Ndipo akakumbuka. "Na hoja?"

"Haikupita."

"Pole, mdogo wangu. Lakini afadhali hatukutoka mikono mitupu."

Msimu ulipofunguliwa, Fundi aliondoka alfajiri na fulana ya Shirikisho iliyopigwa pasi. Kipanga alizisikiliza mbio redioni, sebuleni kwa dada yake. Mtangazaji alisema gari moja limepinduka na dereva anasubiri msaada. Kisha akawakaribisha wageni wa heshima, waliokuwa ndio kwanza wanawasili.

Dada yake akapunguza sauti, akamwekea chakula mapajani.

"Kula," akasema. "Leo kuna nyama."