Ndogo Hutii, Kubwa Huimba

Vumbi lilikuwa likielea ndani ya mwanga. Asubuhi ya Septemba ilipenya dirisha la gereji, pale Saginaw, mji wa viwanda vya magari, ikalikata giza kwa upanga wa dhahabu. Na ndani ya upanga ule chembe zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, bila haraka, kama zisizo na pa kwenda. Renata Wojtasik alizitazama kwa sababu hakutaka kutazama meza.

Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili.

Kila karatasi ilikuwa ya kuagizia kemshafti moja, hii ndogo, ile kubwa: fimbo ya chuma yenye vinundu, ilalayo gizani katikati ya injini na kuziamuru vali, vile vilango vya hewa. Funguka sasa, pumua. Fumba sasa, ngoja. Asiyelijua gari huiona rangi yake, alijuaye husikiliza. Fimbo ile ndiyo tabia ya injini, ndiyo pumzi yake, ndiyo sauti yake.

Ndogo hutii. Kubwa huimba.

Kwa ndogo, injini hutulia kwenye taa nyekundu, hufyonza hewa kwa nguvu, na ufyonzaji huo huusaidia mguu kushika breki. Kwa ndogo, Renata angempakia baba yake ndani ya gari lao, Pontiac ya mwaka sitini na nane, akampeleka hadi ghubani akayaone maji. Kubwa huchechemea. Husimama ikitetemeka kama farasi aliyefungwa, du-dum, du… dum, na kila kioo mtaani hujua nani amefika. Lakini breki huwa nzito kama mwamba, na safari ya ghubani huwa ya kuotwa tu.

“Kanuni ni ileile, Rena,” alisema Verlin, fundi aliyesimama ubavuni mwa baba yake Renata kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja. “Chagua unayoitamani, kisha shuka ngazi moja. Mji huu umejaa watu walionunua kubwa kuliko injini zao. Wote wameponzwa na masikio.”

“Mwache mtoto,” ilisema sauti kutoka mlangoni. Casimir, baba yake, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, mrija wa oksijeni puani. “Ulishuka huko milima ya Kentaki huna hata viatu. Leo unatufundisha injini?”

“Na wewe, Mpolandi, ungeachiwa ungetia kemshafti ya meli kwenye mashine ya kukatia nyasi.”

Casimir akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa zaidi ya kicheko.

“Ghuba nimeshaiona, binti yangu,” alisema pumzi iliporudi. “Nataka niisikie. Ichechemee kama siku zile namngoja mama yako nje ya kanisa, mpaka padri anafunga madirisha.”

Muuguzi wa Casimir alikuwa amesema: hesabuni majuma, msihesabu miezi. Renata akaagiza kubwa.

Kemshafti ya aina ile, ikiwa mpya, ina dakika ishirini za utoto. Injini ikiwaka mara ya kwanza, sharti ikimbie, ivume, isipumzike, ili mafuta yaruke juu na kuvilainisha vinundu ambavyo bado havijazoeana na vyuma vinavyosuguana navyo. Ukiiacha inong’one kabla ya dakika ishirini, chuma hula chuma. Saginaw nzima hulijua hilo. Hata watoto hulijua.

Baada ya majuma matatu kubwa ilifika, wakaifunga, na asubuhi moja injini ikawaka. Ikavuma. Mabati yakaitikia. Verlin akaikodolea macho saa ya ukutani, na Renata akaushika mkono wa kuongezea petroli kama ashikaye mkono wa mgonjwa.

Dakika ya saba, Casimir akainua kidole. Midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi.

“Iteremshe,” alisema. “Niisikie.”

“Rena, usithubutu!” Verlin akapaza sauti. “Zimebaki kumi na tatu! Kaz, subiri, mbishi wewe!”

“Nisubiri kwa pumzi ipi?”

Dakika kumi na tatu. Renata akaitazama saa, akaitazama midomo ile. Akauachia ule mkono, mvumo ukashuka.

Du-dum, du… dum. Du-dum, du… dum. Gari likatikisika, dirisha likatikisika, chembe zikacheza ngoma ndani ya mwanga. Casimir akafumba macho. Vidole vyake vikapiga magotini, vikakosea, vikapatia, vikawa vya kijana aliyeegemea mlango wa gari nje ya kanisa. Verlin akavua kofia, akainamisha kichwa.

Dakika moja. Labda mbili.

Kisha: tik. Sauti ndogo, kavu. Tik. Tik. Wimbo ukatoboka, na tundu likawa likirudi kila pumzi, mpaka Renata akazima, pakabaki ule mnong’ono wa oksijeni peke yake.

Alasiri walimwaga mafuta ya injini ndani ya beseni. Verlin aliyachungulia, akajifuta mikono. Laiti angemlaumu, Renata aliwaza.

“Kinundu kimelika?” Casimir akauliza.

“Kimelika, Baba.”

“Basi agiza ndogo. Twende ghubani.”

Ndogo ingechukua majuma matatu kufika, na kabla yake injini nzima ifumuliwe, ioshwe, ifungwe upya. Na muuguzi, asubuhi ileile, alikuwa ameliacha neno majuma, akashika neno siku. Verlin akavitazama viatu vyake.

“Ndiyo, Baba,” alisema Renata. Akaivuta ile karatasi ya ndogo, akaandika jina, akaandika anwani, herufi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko safi wa mtahiniwa asiyejua jibu.

Mwanga ulikuwa umehama dirishani, ukaangukia beseni. Ndani ya mafuta meusi kulikuwa na vumbi, laini, la rangi ya fedha, vumbi la kinundu kilichoimba. Likameta. Lakini chembe hizi hazikupanda. Zilizama moja moja, bila haraka, kama zijuazo pa kwenda.