Mzunguko wa Mwanvita

"Ishirini na saba!" Bibi Zuleha alipaza sauti kutoka ukingoni mwa bwawa, huku akimenya chungwa. "Mke mwenzangu, sasa samaki wamekuzoea."

Mwanvita aliibuka, akatema maji, akajivuta tena juu ya ubao. Bibi alikuwa ameshuka Turiani kutoka Kinole kumsalimia binti yake, akamkuta mjukuu amerudi kutoka Unguja, alikofundisha wageni michezo ya majini kwa miaka mitatu. Tangu hapo kila alasiri alimfuata kwenye bwawa hili la kumwagilia mpunga.

Chini ya ubao kulikuwa na mguu mrefu wenye mabawa madogo. Ukishika kasi, ubao hunyanyuka na mpandaji akaenda juu ya maji kama anayetembea hewani, akivutwa na bawa kubwa lililojaa upepo mikononi mwake. Hayo Mwanvita aliyaweza. Alichokitaka ni kuruka, azunguke mzima hewani, kisha atue akiwa bado amesimama.

"Marehemu babu yako alianguka mfenesini mara moja tu, akaapa hapandi tena," Bibi alisema. "Wewe akili hizi umezirithi kwa nani?"

"Kwako, Bibi."

"Mwongo! Mimi nisingefika ishirini na saba."

Mara ya ishirini na nane bawa lilimfunika usoni. Bibi alicheka mpaka akapaliwa na chungwa. Mwanvita, naye hasira zimempanda, akamwambia kwamba kelele zake ndizo zinazomwangusha.

"Haya, nanyamaza. Hata hivyo wakati wa sala umefika."

Akatawadha, akatandika kanga, akaanza kusali.

Bwawa likawa kimya. Upepo ukateremka kutoka milimani. Mwanvita alishika kasi, akaruka, akainua bawa juu ya kichwa na kutazama nyuma ya bega lake, kama alivyofundishwa. Milima ikapita, mashamba yakapita, milima ikarudi. Miguu ikagusa ubao, na ubao ukaendelea kwenda.

"Bibi! Bibi, umeniona?"

Bibi alikuwa amesujudu. Alipomaliza kutoa salamu, akageuka taratibu.

"Nimesikia ukelele. Umeanguka tena?"

"Nimezunguka! Wallahi nimezunguka!"

"Nani shahidi wako?"

Mwanvita nusura alie. Akarudi majini, akaanguka mara mbili, ya tatu akazunguka, akatua akiyumba. Bibi akapiga kigelegele kilichowafurusha ndege kwenye mpunga.

"Hii ya pili umekunja magoti vizuri zaidi," Bibi akamwambia Mwanvita alipofika ukingoni.

"Ya pili? Kwani ya kwanza uliiona?"

"Nilikuwa nimeelekea kibla, mjukuu wangu, na wewe ukarukia hukohuko. Ulitaka nifumbe macho?" Akampa kipande cha chungwa. "Ningekwambia nimekuona, ungekwenda kubadili nguo."