Vibao Viwili Mlangoni mwa Meli

Ofisi ya safari ilikuwa ghorofani, juu ya duka la fundi viatu, na kila nyundo ya fundi ilipogonga kule chini, vikombe vya chai kule juu vilitetemeka kwenye visahani. Mwenye ofisi alisema hiyo ni njia nzuri ya kuwazoesha wateja mawimbi. Wafanyakazi walimwita Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Jina lilitokana na kofia nyeupe aliyoinunua duka la zawadi bandarini, akaivaa siku moja kwa mzaha, na tangu hapo haikumtoka kichwani.

Jumamosi moja kila mwezi, meza zilisukumwa ukutani, viti vikapangwa duara, na watu waliokwisha kusafiri kwa meli wakakaa na wale wanaojiandaa kusafiri. Wazo lilikuwa la binti wa mapokezi. Alikuwa ametoka chuo juzi juzi tu, na bado aliamini kwamba watu wakikalishwa pamoja na kumiminiwa chai, watapeana kitu ambacho hakuna ofisi inayoweza kukiuza. Kapteni alikubali kwa sababu chai ilikuwa rahisi kuliko matangazo ya redio.

Jumamosi hii binti hakuwa na utulivu. Alimwaga maziwa, akayapangusa, akayamwaga tena. Asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, baba yake alimwambia bila kuinua macho, "Leo nitapita hapo kwenu. Nije nirudishe ile nafasi."

"Leo ndiyo siku ya mwisho, baba. Ukishairudisha, wanampa mtu mwingine."

"Ndiyo maana naja leo."

Baba alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Siku aliyostaafu aliliuza lori, akarudi nyumbani, akamuuliza mkewe, "Haya, umenivumilia miaka yote hii. Unataka nini?" Mama akajibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa na jibu mdomoni siku nyingi, "Barafu." Baba akacheka, akasema friji si hiyo hapo. Mama akamshika mkono, akampeleka jikoni, akamwonyesha kalenda ya ukutani ambayo mwaka wake ulikwisha zamani lakini yeye hakukubali iondolewe. Kulikuwa na picha ya mlima wa barafu ukielea baharini, wa buluu tumboni, na meli ndogo pembeni yake. "Hii," akasema. "Inayoelea."

Binti mwenyewe ndiye aliyewaandikisha kwenye meli hiyo ndogo, ile aina inayopeleka watu mpaka kwenye barafu na kuwashusha ufukweni kwa boti za mpira. Majina mawili, chumba kimoja. Kisha mama akaugua, na ugonjwa haukuchukua muda mrefu. Baada ya mazishi baba alibaki sebuleni na pazia limefungwa nusu. Ukimuuliza chochote alijibu, "Sawa tu." Chakula kimeiva? Sawa tu. Twende kwa shangazi? Sawa tu, nenda wewe.

Binti alitamani sana baba asafiri. Aliogopa kwamba baba akiirudisha nafasi ile, hatatoka tena nyuma ya pazia lile. Lakini hata yeye alikuwa na lake. Kila asubuhi alifungua orodha ya wasafiri ili aliondoe jina la mama, na kila asubuhi aliifunga bila kugusa kitu. Kwenye kompyuta ile, mama yake alikuwa bado msafiri.

Baba alipoingia, kofia mkononi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kupamba moto. Alichukua kiti, akakiweka nje ya duara, karibu na mlango.

"Chukua chumba cha chini, katikati ya meli," daktari wa meno mstaafu alikuwa akiwaambia maharusi wawili waliokaa wamebanana. "Watu wote wanakimbilia juu kwa ajili ya dirisha kubwa. Meli ikianza kucheza, huko juu ndiko unakopepetwa kama unga."

"Wewe ulijuaje, dokta?" akauliza bwana harusi.

"Nilikuwa juu."

Wakacheka. Bi harusi akauliza kuhusu magauni ya jioni, abebe mangapi.

"Mwanangu," akadakia Mama Mawimbi, "hilo linategemea meli. Zile kubwa kama mtaa mzima, zenye muziki na mabwawa, beba magauni yako yote, uwaumize roho. Lakini hizi ndogo za kwenda kwenye barafu, beba soksi. Huko mtu anapendwa kwa soksi."

Mama Mawimbi alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakuna Jumamosi aliyokosa. Amepanda meli nyingi kuliko wote pale, na kila mwezi alileta vichekesho vilevile, na watu wakavicheka upya.

"Na tangawizi!" akasema, akiinua kidole.

"Tumejua," wakaitikia wazoefu kwa pamoja.

"Hamjajua. Mnaila mmeshaanza kutapika. Tangawizi ni kabla. Tumbo likishaanza kulalamika, hata ukila shamba zima ni kazi bure." Kisha akamwona mtu mpya pale mlangoni. "Kaka, karibu ndani, mbona umekaa kama askari wa zamu? Safari yako ya wapi?"

"Yangu ni safari ya kurudisha tiketi," akasema baba.

Binti alitazama chini. Kapteni akakohoa, akaanza kusema kwamba mambo hayo yana utaratibu wake mezani, lakini Mama Mawimbi alikuwa amekwisha kugeuza kiti.

"Kwa nini, kaka?"

Baba aliizungusha kofia mikononi. Binti alidhani atajibu "sawa tu", mazungumzo yaishie hapo. Lakini, labda kwa sababu walikuwa watu baki, akajibu.

"Mimi ni dereva. Barabara ikinitisha, naegesha pembeni. Baharini unaegesha wapi? Aliyetaka kwenda ni mke wangu. Mimi nilikuwa mbeba mabegi tu. Sasa mwenye mabegi hayupo. Mbeba mabegi peke yake anakwenda kufanya nini?"

"Pole sana," akasema daktari wa meno. "Lakini wanaosafiri peke yao huwekewa meza ya pamoja wakati wa chakula, na—"

"Dokta," akasema Mama Mawimbi, "ngoja kwanza."

Alikunywa chai yake polepole. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, na binti aligundua kwamba hajawahi kuisikia sauti hiyo.

"Hizi meli za kwenye barafu, mlangoni mnapotokea kuna ubao wenye ndoano. Kila abiria ana kibao chake cha plastiki, kama kile cha ufunguo wa gesti, kina namba yako. Upande mmoja mwekundu, upande mmoja mweupe. Ukishuka kwenda ufukweni, unakigeuza kiwe chekundu. Ukirudi, unakigeuza kiwe cheupe. Wazoefu hapa wameviona. Meli haiondoki mpaka ubao wote uwe mweupe. Ndivyo wanavyojua hawajamwacha mtu kwenye barafu."

Daktari wa meno akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na mgawanyo wetu wa kazi. Tukitoka, nageuza mimi, vyote viwili, maana yeye keshatangulia na begi na fimbo. Tukirudi, anageuza yeye, vyote viwili, maana anakimbilia chai na mimi bado navua mabuti. Hatukuwahi kukubaliana kwa mdomo. Ilitokea tu, ikawa hivyo safari zote.

"Safari ya mwisho tulijiandikisha wawili. Akafariki. Mimi nikaenda hivyo hivyo, sikuandika popote, sikuwa na mdomo wa kusema. Siku ya kupanda nikamwambia kijana wa mapokezi, niko peke yangu. Akaelewa, akanipa pole. Lakini wa mapokezi alijua, na wa mlangoni hakuambiwa. Nikafika kwenye ubao, vibao viwili vinaning'inia. Namba ya chumba chetu, moja na mbili. Nyuma yangu foleni, watu wamevaa majaketi ya kuokolea. Mkono ukafanya ulichozoea. Nikageuza vyote viwili, nikashuka."

"Alaa," akasema Kapteni taratibu.

"Ufukweni nikaona pengwini, nikaona yote niliyoyafuata. Nikarudi. Nikatia mabuti kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, nikapita mbele ya ubao, nikaenda zangu kuvua mabuti. Sikugeuza kitu. Kurudi haikuwa kazi yangu."

Kule chini nyundo iligonga, vikombe vikatetemeka. Hakuna aliyekigusa chake.

"Nimekaa kwenye benchi, buti moja mguuni, moja mkononi. Nasikia spika za meli nzima zinatuita. Jina langu na jina lake. Tafadhali fikeni mlangoni. Mara ya pili, jina langu na jina lake. Tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa ametuita pamoja. Watu, wakinionea huruma, walikuwa wanaruka jina lake kama shimo la barabarani. Na hapa linaitwa kwa sauti, na meli nzima inasikia. Nikachungulia dirishani, naona boti ya mpira inageuza, inarudi ufukweni. Juu kule watu wametoa darubini, wanatafuta."

Bi harusi alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili.

"Nilipaswa kuruka pale pale niseme. Nilikwenda, kweli, nilikwenda na buti moja. Lakini nitawaambia ukweli, kabla sijainuka nilikaa kidogo. Kwa sababu miezi yote ile nilikuwa namtafuta peke yangu. Nyumbani, kitandani, sokoni, popote. Na kwa muda ule mfupi meli nzima ilikuwa inamtafuta pamoja nami."

Baba alikuwa ameacha kuizungusha kofia.

"Wakakufanyaje?" akauliza.

"Ofisa wa zamu alikuwa msichana mdogo, umri wa huyu binti wa mapokezi. Nikamweleza. Wala hakufoka. Akaita boti irudi. Kisha akanyoosha mkono akitoe kibao cha mume wangu, nikamwambia, mwanangu, subiri, nikigeuze mwenyewe. Nikageuza changu. Nikageuza chake. Cheupe. Amerudi. Ndipo akakitungua, na meli ikaondoka."

"Ulikichukua?"

"Nilikiomba. Wakakataa, eti ni mali ya meli." Watu wakacheka, kicheko kidogo cha kupumua. "Kesho yake ndoano ilikuwa tupu. Nikageuza changu kwenda. Jioni nikageuza changu kurudi. Kwenda kulikuwa rahisi, nilishazoea. Kurudi ndiko nilikojifunza." Akamwinamia baba. "Kaka, sikwambii nenda. Baharini kweli hakuna pa kuegesha. Nakwambia kitu kimoja tu. Uende usiende, jina lake usiliachie watu wa mlangoni. Litoe mwenyewe."

Baba alimgeukia binti yake. Duara zima likawageukia wote wawili.

"Jina la mama yako bado limo?"

"Bado limo, baba."

"Si ulisema utalitoa?"

"Kila siku nalifungua. Kila siku nalifunga."

Alisubiri aambiwe kwamba kazi ni kazi. Baba aliinuka, akaweka kofia juu ya kiti.

"Nionyeshe," akasema.

Meza ya mapokezi ilikuwa imesukumwa ukutani pamoja na nyingine, hivyo walilazimika kupenya ubavu ubavu kati ya viti. Nyuma yao Kapteni alianza kuwahudumia watu chai kwa kelele isiyo ya lazima, na binti alimshukuru moyoni. Akafungua orodha. Majina mawili yalikaa moja juu ya lingine, na la mama ndilo lilikuwa la kwanza, kwa sababu safari ilikuwa yake.

Baba alilisoma la mama kwa sauti, majina yake yote matatu, taratibu, kama spika inayomwita mtu.

"Nabonyeza wapi?"

Alimwonyesha. Kidole chake kilikuwa kipana, cha usukani, kikafunika kitufe kizima. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika.

"Na mashine nayo ina maswali," akasema, na sauti ikamkatika. Binti aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba. Hakubonyeza. Aliuacha tu pale. Wakabonyeza pamoja, au yeye alibonyeza na mkono wa binti ukashuka naye, haikujulikana. Mstari wa juu ukafutika. Jina la baba likapanda kuchukua nafasi yake.

Walisimama wakilitazama.

"Na hili?" akauliza binti. Hakutaka sauti yake isikike kama inamwomba. Alikuwa amejiapia kwamba hatamwomba. "Nalo tulitoe, baba? Ofisi inafungwa sasa hivi."

Baba alijifuta uso kwa kiganja, mara moja, kutoka juu mpaka chini. Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na pazia lolote, halafu akatazama tena jina lake lililobaki pale peke yake.

"Mama yako alisema ile barafu ni ya buluu tumboni," akasema. "Mimi nikamwambia ni wino wa kiwandani. Tulibishana mpaka chakula kikaungua."

"Nakumbuka."

"Lazima mmoja wetu akaone." Akavuta pumzi. "Hilo liache."

Binti aliifunga orodha haraka, kabla yeyote kati yao hajabadili nia. Alipogeuka, baba alikuwa amekwisha kurudi mlangoni, ameshika kiti chake kwa mgongo, anakiburuza sakafuni kwa kelele mpaka kwenye duara. Maharusi wakasogea kumpisha. Akakaa, akaiweka kofia juu ya goti, akamtazama Mama Mawimbi kwa uso wa mtu anayeuliza njia katika mji mgeni.

"Hiyo tangawizi," akasema, "inatafunwa au inanywewa?"