Kufuli Lililofunguliwa Mara Mbili

Kompyuta mpya ilizima tena asubuhi ile ile boti ya soko ilipokuwa inajaza abiria, na foleni ya tiketi pale Cyangugu, kando ya Ziwa Kivu, ikaanza kupiga kelele. Umwali alitamani kulia kwa hasira. Yeye ndiye aliyeichagua mashine hiyo, na Papa Gratien, mwenye ofisi ya tiketi, alikwisha kumwonya: ikizima tena, anamtoa kwenye kazi ya programu na kumrudisha dirishani kukata tiketi kwa mkono.

Amweleze mara ngapi? Programu yao ilihudumia wateja wengi kwa pamoja, kila mmoja kwa uzi wake, yaani mkondo wake wa kazi ndani ya programu. Kwenye mashine ya zamani kila uzi ulisubiri kufuli la orodha ya viti, alama inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, hata kama huyu anataka kiti cha mbele na yule cha nyuma. Mpya ililiruka kufuli. Iliwaacha wote waingie huku ikiwachunga, na wawili wakigusa kiti kimoja, ilifuta walichofanya na kuwarudisha wasubiri kufuli. Kazi safi kabisa. Sasa ilikuwa inakufa kwa nini?

Akapekua programu mstari kwa mstari, hadi sehemu aliyoiandika Papa Gratien mwenyewe. Loo! Kufuli lilifunguliwa, na chini yake likafunguliwa tena. Mashine ya zamani ilinyamaza tu. Mpya, ikiambiwa imalize kazi iliyokwisha kumalizika, ilianguka chali.

"Papa, juu ya nini ulifungua mara mbili?" Umwali akamuuliza sababu.

"Juu ya hakika," akajibu bila aibu. "Hata ku nyumba, nikifungua, nageuza tena ufunguo. Batu bote banafanya vile."

Hakuna mtu anayefanya vile. Umwali akafuta mstari wa pili, akawasha kompyuta. Tiketi zikatoka mfululizo, na foleni ikaisha kabla boti haijanguruma.

Papa Gratien alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Ni muzuri. Sasa rudisha mustari wangu."

"Papa! Ile njo inauwa mashini!"

"Na tutajua aje kama kufuli imefunguka? Rudisha, ao urudi ku dirisha."

Umwali alikitazama kiti chake cha mbele ya kompyuta kwa uchungu, maana alikipenda. Kisha akabeba mkoba, akaenda dirishani kwa miguu yake mwenyewe, akafungua kitabu cha tiketi.

"Na mustari?" Papa Gratien akauliza.

"Andika weye mwenyewe, Papa. Andika mara mbili, juu ya hakika."